Kijana ameomba kwenda kutega mbweha: Siku tatu Oneida, New York

Ukitoka mji wa Utica, jimbo la New York, ukashika barabara namba 5 kuelekea magharibi, mwendo wa kama nusu saa unakufikisha Oneida. Ni nchi ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Utaona mabanda mekundu, minara ya kuhifadhia malisho, mashamba ya mahindi yaliyobaki mabua matupu, na misitu ya mepo, ile miti inayogemwa utomvu wake ukachemshwa ukawa kama asali. Mwezi wa kumi na moja majani yote yamekwisha kupukutika. Asubuhi nyasi zimevaa ganda jeupe la baridi, na ukizikanyaga zinalia kama unatembea juu ya chumvi ya mawe.

Utica yenyewe ni mji uliopokea wakimbizi wengi kuliko ukubwa wake, na kituo cha kuwapokea kipo kwa miongo kadhaa sasa. Wamekuja Wabosnia, Wakareni wa Myanmar, na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma, wengi wakiwa wamejifunza Kiswahili huko huko kambini. Miongoni mwa Wasomali Wabantu waliopelekwa Marekani wapo wanaozungumza Kizigua mpaka leo, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande wetu wa Tanga. Kwa hiyo ukisalimiwa kwa Kiswahili dukani, usishangae sana.

Mdogo wangu anaishi nje kidogo ya Oneida na mumewe, watoto wawili, na mbwa mmoja mkubwa mwenye uvivu. Nilipofika nilikuta nyumba ina ubishi. Kijana wao wa miaka 12 aliomba ruhusa ya kufuatana na jirani, mzee mmoja mfugaji, kwenda kukagua mitego ya mbweha alfajiri. Baba alikubali mara moja. Mama alikataa mara moja.

"Dada, umekuja wakati mzuri," mdogo wangu aliniambia tukiwa jikoni. "Hebu sema na mwanao. Mimi sitaki mtoto wangu azoee kuua."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. "Mama mkubwa, siui mimi. Naangalia tu."

Niliwaambia siwezi kusema juu ya kitu nisichokijua. Kwa wengi wetu tuliolelewa Tanzania, neno mtego lililotajwa pamoja na wanyamapori linaleta picha moja tu: tanzi la waya porini Serengeti, na nyumbu anayeburuta mguu. Kwetu kutega mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Huko New York ni shughuli yenye leseni, msimu, na kozi ya lazima ambayo mtegaji huisoma kabla ya kupewa leseni. Tukakubaliana twende wote watatu kwa yule mzee, tuone, ndipo ubishi uendelee.

KAZI KUBWA NI UDONGO

Nilitarajia tuonyeshwe mitego. Mzee alituonyesha ndoo za udongo.

Ghalani mwake, nyuma ya trekta, kulikuwa na ndoo za plastiki zenye vifuniko zaidi ya kumi, zimejaa udongo mkavu uliochekechwa ukawa laini kama unga wa dona. Anauchimba mwezi wa saba na wa nane, wakati wa joto, anauanika kwenye turubai juani kama mama zetu wanavyoanika makopa, anaugeuza, anauchekecha kwenye wavu, kisha anaufunika. Alisema mtu yeyote anaweza kununua mtego, lakini udongo mkavu wa mwezi wa kumi na mbili haununuliki kirahisi.

Sababu yake ni hii. Mtego wa kunasa mguu hufukiwa chini ya tabaka jembamba la udongo, na mnyama lazima aukanyage bila kujua. Udongo huo ukiwa na unyevu na usiku joto likishuka chini ya sifuri, maji yaliyomo yanaganda, na juu ya mtego kunakuwa na kigae kigumu. Mbweha anapita juu yake anaenda zake. Udongo mkavu hauna maji ya kuganda, basi hubaki laini hata ardhi ya pembeni ikiwa ngumu kama sakafu.

Mvua ndiyo adui. Ikinyesha mchana na baridi ikashuka usiku, hata udongo mkavu hunywa maji na kuganda. Kwa siku za namna hiyo mzee ana ndoo mbili za pekee, za udongo uliochanganywa na nta. Wakati wa kiangazi anatandika udongo mkavu juu ya plastiki nyeusi kwenye jua kali, ananyunyizia chembe za nta, anageuza na kugeuza mpaka nta inayeyuka na kuvika kila punje. Ukiumwagia maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la gimbi. Kijana alimwagia kikombe kizima, maji yakabingirika pembeni, akacheka.

Wapo wanaotumia mboji kavu ya kinamasi, ambayo ni nyepesi na hukaa bila kuganda ikiwa kavu kabisa. Mzee haipendi. Upepo huipeperusha, na ikishika maji huganda vibaya kuliko udongo. Wapo pia wanaochanganya chumvi. Chumvi huzuia kuganda kweli, lakini hula chuma, na mtego wenye kutu huchelewa kufyatuka na hunuka.

Mtego wenyewe ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Una mataya mawili ya chuma yasiyo na meno, springi mbili za kujiviringa zenye vishikizo pembeni, kisahani katikati, na mnyororo mfupi wenye pete zinazozunguka ili mnyama akijipinda asivunje mguu. Mwisho wa mnyororo kuna kigingi cha nondo. Meno kwenye mataya ni marufuku katika jimbo hilo. Mzee alitega mmoja mezani, akakunja ngumi nusu, akabonyeza kisahani kwa vidole vyake mwenyewe. Ulifyatuka kwa kishindo kilichomfanya mdogo wangu aruke. Mzee alituonyesha mkono uliobanwa, akachezesha vidole, akaufungua mtego kwa magoti. Vidole vilikuwa na alama nyekundu tu. Ni mchezo anaoufanya mbele ya kila mgeni, nadhani, na ni lazima niseme kwamba kubanwa dakika moja ghalani si sawa na kubanwa usiku kucha porini. Hata hivyo ilinitoa kichwani ile picha ya mataya yenye meno kama ya mamba.

KUTANDIKA

Tulitoka naye hadi ukingo wa shamba la mahindi, mahali palipo na njia ya trekta inayokutana na ua wa mawe. Mbweha, alisema, ni kama binadamu: akipata njia iliyo wazi hapiti vichakani. Alitandika kipande cha turubai chini akapiga magoti juu yake, ili nguo zake zisiguse nyasi na ili udongo atakaouchimba usitawanyike. Alivaa glovu za mpira.

Kwanza alichimba kwa mwiko, aina ile ile ya mwiko wa mwashi, kishimo kipana kidogo kuliko mtego na chenye kina cha kuufanya ukae chini ya usawa wa ardhi kwa kama sentimita moja. Alipigilia nondo katikati ya kishimo mpaka kichwa chake kikazama, akakunja mnyororo juu yake. Kisha akamwaga konzi mbili za udongo mkavu, akauweka mtego uliotegwa juu yake, na hapo ndipo alipotumia muda.

Aliukandamiza na kuuzungusha kidogo kidogo, kushoto, kulia, mpaka ukakaa. Akashindilia udongo kwa ncha za vidole kuzunguka nje ya mataya na chini ya vile vishikizo vya springi, polepole, kama mtu anayeshindilia udongo kwenye mche. Kisha akabonyeza taya upande huu, akabonyeza upande ule, akabonyeza kila kona. Upande mmoja ulicheza, kiasi ambacho mimi sikukiona. Akautoa wote akaanza upya.

Kijana aliuliza kwa nini. Mzee alimwambia aubonyeze mwenyewe kwa kidole, sehemu ile iliyokuwa ikicheza, akiwa amefumba macho. Mbweha, alieleza, anatembea kwa miguu isiyo na viatu maisha yake yote. Akikanyaga ukingo wa mtego ukatikisika, anajua kwamba ardhi haifanyi hivyo. Mmoja atakimbia. Mwingine atarudi kuchimba pembeni mpaka aufukue na kuupindua, na tangu siku hiyo hutamnasa tena kwa njia hiyo. Anayenaswa vibaya, kwa ncha ya vidole tu, mara nyingi ni yule aliyekanyaga mtego unaocheza akaanza kuruka nyuma. Akinaswa hivyo huumia zaidi, au huchomoka na jeraha.

Hapo nilielewa kwamba kutandika mtego si ufundi wa kumdanganya mnyama peke yake. Mtego uliotulia humshika juu ya kidole, kwenye unene wa wayo, na kumweka hapo. Watafiti wa mashirika ya wanyamapori ya majimbo ya Marekani wamepima mitego kwa aina na ukubwa, wakikagua miguu ya wanyama walionaswa na kuandika majeraha yao, na kutokana na hayo wametoa mwongozo wa mtego upi utumike kwa mnyama yupi. Lakini hata mtego uliopasi, ukitandikwa ovyo, unaumiza.

Baada ya hapo alikata kipande cha wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, akakifunika juu ya kisahani. Kazi yake ni kuzuia udongo usiingie chini ya kisahani, kwa sababu kisahani kisichoweza kushuka hakifyatui kitu. Wengine hutumia karatasi yenye nta, au husukuma pamba ya plastiki chini yake. Halafu akachukua chekeche na kuchekecha udongo mkavu juu ya kila kitu, unene wa kama nusu sentimita, akausawazisha kwa kijiti, na juu ya kisahani akapunguza kidogo pawe na bonde dogo. Wanyama hawa hupenda kuweka mguu penye ulaini na uchini, na hukwepa kukanyaga vijiti na mawe. Basi akaweka kokoto mbili na kijiti kimoja pembeni, kumwonyesha mgeni wake pa kukanyaga.

Nyuma ya mtego alichimba tundu la kuinama, upana wa ngumi, urefu wa kiganja na vidole. Humo akatia chambo, akakiziba kwa nyasi, na matone ya mkojo wa mbweha yakadondoshwa pembeni. Chambo hakiachwi wazi, maana mwewe na tai hutafuta kwa macho nao wangeshuka. Tundu linafanya mahali paonekane kama mbweha mwingine amefukia chakula chake pale. Kwa hiyo, kinyume na nilivyodhani, kufunika mtego si kuufanya uonekane kama hapajaguswa. Panaonekana pamechimbwa, ila aliyechimba aonekane ni mnyama.

Udongo uliobaki juu ya turubai aliukunja akaondoka nao. Kazi yote ilichukua kama dakika kumi na tano, na mdogo wangu, aliyekuja amekunja uso, alikuwa amechuchumaa karibu kabisa akiangalia.

NYUMBA YA WATU MIA TATU

Siku ya pili tulikwenda kuona mahali ambapo jina la Oneida liliunganishwa na mitego, na kwa ukurasa huu siwezi kupaacha. Kati ya Oneida na mji mdogo wa Sherrill kuna jumba kubwa mno la matofali, lililoanza kujengwa miaka ya mwanzo ya 1860. Mle waliishi watu kama 300 wa jumuiya ya Kikristo iliyoanzishwa mwaka 1848 na John Humphrey Noyes. Mali ilikuwa ya wote. Ndoa pia ilikuwa ya wote: kila mwanamume mzima alihesabiwa mume wa kila mwanamke mzima, na mapenzi ya wawili peke yao yalikuwa kosa. Watoto wakiacha kunyonya walihamishiwa nyumba ya watoto wakalelewa na walezi, na mama aliyeonekana kumng'ang'ania mwanawe alikanywa. Mdogo wangu alisimama mbele ya picha za watoto wale muda mrefu.

Fedha za kuendesha maisha hayo zilitoka wapi? Mitego. Fundi mmoja, Sewell Newhouse, alikuwa akifua mitego kwa mkono tangu ujana wake katika wilaya hiyo. Husimuliwa kwamba springi zake za kwanza zilitoka kwenye shoka kuukuu, na wateja wake wa mwanzo walikuwa Waoneida wenyewe, wenyeji wa ardhi ile. Alijiunga na jumuiya mwishoni mwa miaka ya 1840 na ujuzi wake ukawa kiwanda. Mitego yake iliuzwa Amerika ya Kaskazini yote, ya panya-maji mpaka ya dubu. Mwaka 1865 jumuiya ikachapisha kitabu cha mwongozo wa kutega kwa jina lake. Watoto wa ile nyumba ya watoto nao walipewa kazi kila siku: kuunganisha pete za minyororo ya mitego.

Jumuiya ilivunjika, ikageuzwa kampuni mwaka 1881, kampuni ikahamia kwenye vijiko na uma, na biashara ya mitego ikauzwa mwaka 1925. Vijiko bado vinatengenezwa Sherrill. Jumba limekuwa makumbusho, na sehemu yake wanaishi wapangaji. Mitego ya Newhouse ipo, na kijana wetu aliigusa minyororo akaihesabu pete, huku akiuliza kama wale watoto walilipwa.

ASUBUHI YA TATU

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa kwenye gari la mzee. Sheria katika sehemu kubwa ya jimbo inataka mtego ukaguliwe kila saa 24. Milimani kaskazini, sehemu nyingine wanaruhusiwa saa 48. Mzee hukagua kabla jua halijachomoza, kwa sababu mbweha hutembea usiku, na akinaswa mapema hana haja ya kukaa hapo mchana akiogopa.

Mitego minne ya kwanza haikuguswa. Wa tano ulikuwa umefyatuka tupu, na nywele chache. Wa sita, karibu na ua wa mawe, ulikuwa na mbweha mwekundu.

Nilitaka kuandika kwamba alikuwa ametulia. Alikuwa amelala amejikunja, kweli, lakini alipotuona aliruka mpaka mwisho wa mnyororo, akaanguka, akaruka tena. Udongo wote wa kuzunguka ulikuwa umekwanguliwa duara. Mguu wa mbele ulikuwa umebanwa juu ya vidole, haukuwa umekatika wala kutoka damu. Mzee alituambia tukae nyuma, akarudi na bunduki ndogo, ikalia mara moja. Basi.

Mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Amekaa hapa tangu saa ngapi?"

Mzee alisema hajui. Huenda tangu saa nne za usiku, huenda nusu saa. Hakutafuta maneno ya kumpendeza, na kwa hilo nilimheshimu. Kijana alikuwa kimya. Mzee alimwita amwonyeshe namna ya kuufungua mtego, kisha aliukagua ule mguu kwa kidole, mfupa kwa mfupa, kama anavyofanya kila mara, akisema ni huo mguu unaomwambia kama alitandika vizuri.

Ngozi ile ina thamani gani? Ndogo sana. Soko la manyoya limeporomoka miaka hii kumi iliyopita, na kampuni kubwa ya mnada ya Toronto iliyokuwa ikipokea ngozi za watu kama yeye iliingia ulinzi wa wadai mwaka 2019. Mzee anasema hata mafuta ya gari hayarudi. Anatega kwa sababu ya kuku wa mkewe, kwa sababu babu yake alitega, na kwa sababu anapenda kuamka mapema. Sababu ya kwanza naielewa vizuri. Ya pili na ya tatu, mimi binafsi, hazinitoshi kumweka mnyama usiku kucha mnyororoni. Siko peke yangu: jimbo jirani la Massachusetts lilipiga kura mwaka 1996 likazuia mitego hii, na nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 1991 kuikataza. Lakini nikilinganisha na tanzi la waya linaloachwa porini wiki nzima na mtu ambaye huenda asirudi, mzee huyu na chekeche lake yuko mbali sana na hapo.

KAMA MNA MBWA

Wasomaji wenye ndugu au watoto Marekani na Kanada, hili ni lenu. Mtego wa panya hunasa aliyekuwemo na asiyekuwemo, na mbwa wa nyumbani ana pua ile ile ya mbweha. Wengi mnaishi jirani na misitu bila kujua kwamba msimu umefunguliwa.

New York mtego hauruhusiwi ndani ya mita 30 hivi kutoka nyumba, shule, uwanja wa watoto au kanisa bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kila mtego lazima uwe na jina na anwani au namba ya mwenyewe. Ile ya ukubwa wa mbweha na koyote lazima ifunikwe na kisahani chake kikazwe, kisifyatuke kwa uzito wa ndege au kindi. Sheria za majimbo mengine ni tofauti, ulizeni ofisi ya wanyamapori ya hapo mlipo. Waambieni watoto kwamba wakiona tundu dogo lenye udongo laini mbele yake na harufu kali, wasiingize mkono wala kijiti.

Mbwa akinaswa mguu, usimvute. Atakuwa na hofu na anaweza kukuuma hata wewe uliyemlea, kwa hiyo mfunike kichwa kwa koti kwanza. Mweke mtego chini kwenye ardhi ngumu. Tafuta vile vishikizo viwili vya springi, kimoja kila upande wa mataya, vikanyage vyote kwa pamoja kwa miguu miwili, na mataya yatalegea. Mguu utatoka wenyewe. Mtoto wa miaka 12 mwenye uzito wa kawaida anaweza, kwa sababu kijana wetu alifanya mara tatu ghalani, kwa mtego mtupu. Ile mitego ya fremu ya mraba inayobana shingo au mwili ni jambo jingine, inaua haraka, na springi zake hubanwa kwa mikono au kwa kamba. Mwombe mtegaji wa jirani akuonyeshe kabla hujaihitaji.

Jioni ile ubishi haukuisha, ila ulibadilika. Mdogo wangu alimwambia mwanawe kwamba ataruhusiwa Jumamosi tu, pamoja na baba yake, na kwamba baba na mtoto watakwenda kwanza kusoma ile kozi. Picha za mnyama aliyenaswa hazipigwi wala hazitumwi kwa rafiki yeyote. Bunduki haigusi.

"Na siku ukisema hutaki tena, usione haya kumwambia mzee," aliongeza.

Kijana alikubali yote. Akasema kwa kweli yeye anachotaka ni kusaidia kwenye udongo, mwezi wa saba, maana mzee anaumwa mgongo na zile ndoo ni nzito. Mama yake alimtazama, akasema kwa udongo hana neno.

Msimu wa mbweha huko hufungwa katikati ya Februari. Mpaka wakati huo yule mbwa mvivu anatembezwa kwa kamba, na zamu ni za kijana.